Jumba la kumbukumbu la mauaji ya kimbari ufukweni mwa Ziwa Victoria: mifupa ionyeshwe au isionyeshwe?

#1 Mchoraji wa Nyegezi
Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa michoro ya jumba la kumbukumbu la mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Kwa sasa ni zoezi, si zabuni, na kiwanja nilichokichagua kipo ufukweni, upande huu wetu wa Mwanza. Nimekwisha kutembelea majumba ya kumbukumbu ya Gisozi, Nyamata na Murambi kule Rwanda, na nimerudi na msimamo ambao ninauleta hapa ili upigwe mawe: jumba langu halitakuwa na mfupa hata mmoja, wala fuvu, wala mwili uliohifadhiwa. Mgeni anayeingia katika chumba chenye mafuvu yaliyopangwa kwenye rafu kutoka sakafuni hadi darini hamwoni mtu, anauona wingi tu, na wingi ndio uliokuwa mtazamo wa wauaji. Ninataka mgeni aanze na maji, kwa kuwa mito ilizileta maiti hadi ziwa hili. Atashuka kwenye ujia mrefu wa mawe ya hapa hapa hadi usawa wa ziwa, ndipo akutane na sauti za manusura, picha za harusi, vitambulisho na madaftari ya shule. Aliye na hoja ya kunishawishi niiweke mifupa, uwanja ni wake.

#2 Mtu wa Kemondo
Mkuu, kabla ya mifupa turekebishe ramani. Mto Kagera hauingii ziwani karibu na Mwanza. Maiti zilizopita maporomoko ya Rusumo zilifuata mpaka wa Rwanda na Tanzania kwenda kaskazini, zikapinda mashariki kupitia Kyaka, kisha zikatokea ziwani upande wa Uganda, kaskazini kidogo ya mpaka wetu. Ndiyo maana makaburi ya pamoja yapo Kasensero, Lambu na Ggolo, ambako wavuvi na wanavijiji walizitoa maiti majini na kuzika watu zaidi ya 10,000. Sijui watu wa Mwanza mlirithi wapi dhana kwamba ziwa linaanzia Kamanga na kuishia Kirumba. Kama unataka mgeni aanze na maji, kihamishie kiwanja chako Kagera.

#3 Igoma Juu
Watu wa Bukoba, hata mkondo wa mto mnaugeuza kuwa shamba la ukoo! Ramani yako ni sahihi, lakini haimwondolei mleta mada haki ya kujenga hapa. Mji huu unajua maana ya ziwa kuwa kaburi tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na waliozikwa Igoma ni majirani zangu. Makaburi yale hayaonyeshi mwili wa mtu yeyote, na sijawahi kumsikia mtu akikana kwamba meli ilizama. Mnara, majina na ukimya vinatosha. Ninamuunga mkono.

#4 Dada wa Mwaloni
Mtu wa Kemondo amesema kweli kuhusu mkondo wa mto, lakini hofu haikufuata mkondo wa mto. Mwaka 1994 mama yangu alikuwa akiuza sato na sangara Kirumba, nami nilikuwa msichana wa kumbebea beseni. Redio ilipoanza kutangaza habari za maiti ziwani, wateja wake wa miaka mingi walianza kumuuliza samaki wamevuliwa wapi. Aliwajibu kuwa wametoka visiwa vya Ukerewe, jambo ambalo lilikuwa kweli, na bado waliondoka wakaenda kununua maharage. Dagaa ndio waliotusaidia kidogo, kwa sababu watu walijiaminisha kwamba dagaa ni mdogo mno kuweza kumla mtu. Kulikuwa na nyumba mtaani kwetu ambayo kwa miezi kadhaa haikupika kitu chochote kilichotoka ziwani.

Ninaomba jumba lisituonyeshe kama mashahidi waliosimama pembeni wakilia. Wengi wetu tulikuwa tukihesabu hasara ya samaki kabla ya kuwahesabu waliokufa, na hilo nalo lina haki ya kuwa na ukuta wake.

#5 Wakili wa Isamilo
Shikamooni wakubwa. Ninapingana na Igoma Juu kwa heshima. Hakuna anayekana kuzama kwa meli kwa sababu hakuna anayefaidika kwa kukana. Mauaji ya kimbari yana watu wanaofaidika, wengine wakiwa nje ya Rwanda hadi leo, na ukanushaji ulianza wakati mauaji yenyewe yakiendelea, pale serikali ya mpito ilipowaambia mabalozi kwamba kilichokuwapo ni vita na hasira za wananchi. Katika hali hiyo mifupa ni ushahidi. Fuvu lenye ufa wa panga na fuvu la mtoto haviwezi kuelezwa kama majeruhi wa vita baina ya majeshi mawili.

Kumbukeni pia kwamba nchi yetu ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, kule Arusha. Mahakama ile iliwashtaki watu 93 na kuwahukumu 62, na hukumu yake dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Taba, iliyosomwa tarehe 2 Septemba 1998, ilikuwa ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Jumba lolote litakalojengwa Tanzania bila chumba cha Arusha litakuwa limeacha sehemu ambayo sisi tunaifahamu kuliko wengine.

#6 Mchoraji wa Nyegezi
Wakili, chumba cha Arusha nimekipokea na nitakichora. Lakini mahakama hiyo hiyo inanisaidia mimi. Tarehe 16 Juni 2006 kitengo chake cha rufaa kiliamua kwamba kuwapo kwa mauaji ya kimbari Rwanda ni jambo linalojulikana na watu wote, wala upande wa mashtaka hauhitaji kulithibitisha upya katika kila kesi. Ikiwa majaji hawahitaji tena kuletewa mafuvu, mwanafunzi wa kidato cha pili kutoka Buhongwa anayahitaji kwa nini?

Kwa Mtu wa Kemondo: kiwanja hakihami. Ujia utaelekea magharibi, uliko mto, na maandishi yatasema wazi kwamba maiti zilitokea upande wa Uganda. Kwa Dada wa Mwaloni: ukuta wako umeingia kwenye mchoro leo asubuhi.

#7 Wakili wa Isamilo
Jaji hahitaji kwa sababu amekwisha kuona. Mwanafunzi wako hajaona.

#8 Karani Mstaafu
Vijana, mimi nilikuwa karani wa ghala la chakula Ngara mwaka ule, kwa hiyo nitasema nilichokiona bila mapambo. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa takriban saa 24. Chini ya daraja, masika yakiwa yamejaza mto, maiti zilikuwa zikishuka na maporomoko na kuzunguka katika povu kabla ya kuendelea na safari. Upande wetu wa mpaka kulikuwa na malundo ya mapanga na marungu ambayo waliovuka walitakiwa kuyaacha.

Jambo ambalo wachangiaji hamjaligusa ni hili: wengi wa waliovuka siku zile hawakuwa wakiwakimbia wauaji, walikuwa wakilikimbia jeshi la waasi wa RPF lililokuwa likipigana na serikali iliyoendesha mauaji na likisonga mbele, na miongoni mwao walikuwamo wauaji wenyewe pamoja na viongozi wao. Kambi ya Benaco ilipangwa kwa kufuata wilaya na kata walizotoka, na viongozi wale wale wakawa ndio wanaoleta orodha za mgao wa chakula. Jean-Baptiste Gatete, ambaye baadaye alihukumiwa Arusha, alikuwa Benaco, na wahudumu walipotaka aondolewe kambini mwezi Juni, umati uliwageukia. Nilipima unga kwa vibaba nikijua kwamba baadhi ya mikono inayoupokea imetoka kuua, na mingine ni ya watoto wasiojua lolote, na mizani haikuwa na njia ya kuitofautisha. Mchoraji, hicho utakichoraje? Mifupa ni rahisi. Iwe ipo au haipo, inajulikana ni ya nani.

#9 Mpenda Hesabu
Uzi mzuri. Naomba kuuliza jambo la msingi: ukutani ataandika idadi gani? Shuleni tulifundishwa watu 800,000.

#10 Wakili wa Isamilo
Serikali ya Rwanda hutaja zaidi ya milioni moja, na sensa yake ya waliouawa ilitoa jumla ya 1,074,017. Idadi ya 800,000 ilienezwa sana na Umoja wa Mataifa na vyombo vya habari katika miaka ya mwanzo, na watafiti wa Human Rights Watch waliandika mwaka 1999 kwamba waliouawa hawakupungua 500,000. Tofauti hizi zinatokana na makadirio ya Watutsi waliokuwapo kabla ya Aprili na pia na nani anayehesabiwa, kwa sababu Wahutu waliopinga mauaji nao waliuawa, akiwamo Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, tarehe 7 Aprili. Ningeshauri maelezo yawekwe kwa kirefu badala ya namba moja kubwa yenye herufi za dhahabu.

#11 Mpenda Hesabu
Nimeelewa, ahsante. Ila jumba lenye maelezo ya kirefu ukutani litasomwa na mawakili peke yao.

#12 Mwalimu wa Bwiru
Ninaona mnabishana kuhusu mwisho wa habari. Kosa kubwa la majumba mengi ni kuanzia tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipodunguliwa ikirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam. Mgeni akianzia hapo ataondoka akiamini kwamba taifa zima lilipandwa na wazimu usiku mmoja. Aanzie kwenye kitambulisho cha miaka ya 1930, pale Wabelgiji walipomwandikia kila mtu kabila lake kwenye karatasi, karatasi ambayo miaka sitini baadaye iliamua nani apite kizuizi cha barabarani na nani abaki hapo. Aendelee na wakimbizi wa mwaka 1959 na miaka iliyofuata, ambao baadhi yao tuliwapokea sisi Ngara na Karagwe, na ambao Tanzania ilikuja kuwapa uraia kwa maelfu mwaka 1980. Kisha afike Kabaya, tarehe 22 Novemba 1992, ambako mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo, ambao maji yake huingia Kagera. Huyo alihukumiwa kifungo cha maisha Rwanda mwaka 2016. Mchoraji, kama unataka maji yawe mlango wako, hotuba hiyo ndiyo kizingiti, kwa sababu mto ulitajwa mwaka mmoja na nusu kabla haujajaa maiti.

Nje ya kanisa la Nyamata kuna kaburi la Antonia Locatelli, Mtaliano aliyeishi pale kwa miaka mingi na ambaye aliuawa Machi 1992 baada ya kuziambia redio za nje kwamba Watutsi wa Bugesera, eneo hilo la Nyamata, wanauawa. Wageni wengi humpita wakikimbilia mafuvu yaliyo ndani ya makaburi ya pamoja. Hilo lenyewe ni jibu kwa swali lako: mifupa humeza kila kilicho jirani nayo.

Kuhusu kwa nini Wanyarwanda waliamua kuionyesha, nimesikia maelezo yasiyopatana. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya wakanushaji, kama alivyosema Wakili. Wengine wanasema serikali mpya ilitaka ulimwengu uliofumba macho uone aibu yake. Wengine wanasema ni manusura waliokataa wafu wao wafukiwe haraka, kwa kuwa wauaji ndio waliowafukia haraka. Mimi ninaamini kila mahali palikuwa na sababu yake.

#13 Igoma Juu
Mwalimu, hapo kwenye kumeza kila kilicho jirani nimepiga magoti.

#14 Binti wa Kirehe
Nimesoma uzi wote kabla ya kuandika. Ninaishi hapa Mwanza, ila upande wa mama yangu ni Rwanda, karibu na Nyarubuye, ambako watu waliokimbilia parokiani waliuawa kuanzia katikati ya Aprili. Meya wa Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, ndiye aliyehukumiwa kwa hayo, na alikamatwa hapa hapa Tanzania, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, mwaka 2001. Karani Mstaafu hajakosea kuhusu nani alikuwa akila mgao.

Katika familia yetu hakuna msimamo mmoja. Mama mdogo anataka kila mfupa uzikwe ndani ya jeneza, na kila Aprili tunapokwenda kwenye maombolezo hakai upande ambao rafu zinaonekana. Mjomba anasema tofauti. Kwake, ndugu zake wamekuwa walinzi, nao wakizikwa wataachwa peke yao kwa mara ya pili. Wote wawili walipoteza watu wale wale mahali pale pale. Ninyi mnaongea kana kwamba kuna jibu ambalo familia zinalijua na wachoraji hawalijui.

Kwa jumba la Mwanza nina ombi tofauti. Mifupa hamtaipata, kwa sababu hakuna wa kuwapa, na hata mkiipata haitakuwa ya hapa. Nguo mnaweza kuazimwa, labda. Lakini msijenge sanamu ya mama anayelia na kuipa sura ya Mtutsi kama mnavyomfikiria.

#15 Mchoraji wa Nyegezi
Ahsante sana, dada. Sanamu haimo na haitakuwamo. Ninaomba kukuuliza, kama si usumbufu: chumba cha watoto cha Gisozi, chenye picha kubwa za watoto na maelezo ya chakula walichokipenda na namna walivyouawa, familia yenu inakionaje?

#16 Binti wa Kirehe
Mjomba hukipita haraka. Mama mdogo hukaa humo. Hapo nao walibadilishana nafasi.

#17 Fundi wa Viyoyozi
Niwashushe kutoka mawinguni kidogo. Ninafunga na kuhudumia mitambo ya ubaridi katika viwanda vya samaki, na ninawaambia kwamba ziwa ni adui wa makumbusho. Hewa ya ufukweni imejaa unyevu karibu mwaka mzima. Nguo ya pamba iliyoingia damu au udongo itaota ukungu kabla ya mvua za vuli kwisha, picha za karatasi zitashikana na vioo vyake, na wadudu wa ziwani watajaza taa zote zinazotazama maji. Murambi ipo kwenye kilima chenye baridi, miili imepakwa chokaa, na bado imehitaji wataalamu kutoka nje ili isiendelee kuharibika. Kwa hiyo ujia wa mawe unaoshuka hadi usawa wa maji ni mzuri kwa macho, lakini vitu vyenye thamani viweke juu, nyuma ya kuta nene, katika makabati yaliyozibwa yenye vidonge vya kunyonya unyevu, na usitegemee kiyoyozi, kwa sababu umeme ukikatika saa nane za usiku hakuna atakayejua hadi asubuhi. Ziwa nalo hupanda: mwaka 2020 lilimeza mialo na nyumba za ufukweni. Ujia wako uchore kwa kina hicho.

#18 Mchoraji wa Nyegezi
Mkuu, bandiko hili peke yake ni ada ya ushauri. Sehemu ya mwisho ya ujia niliacha iwe na uwezo wa kufunikwa na maji, ikikauka na kuzama kwa msimu. Makabati nitayapandisha.

#19 Mtoto wa Songea
Ninauliza bila ubaya: kwa nini tunachora jumba la msiba wa jirani wakati wetu tumeuacha? Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 viliua makumi ya maelfu, na watafiti wengine wanafika 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi. Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, na hadi leo mabaki ya watu wetu yapo katika hifadhi za Berlin. Hapo mjadala wa mifupa una meno zaidi, kwa sababu iliyoko kwenye rafu haikuwekwa na ndugu wa marehemu.

#20 Mwalimu wa Bwiru
Mtoto wa Songea, Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, kwa hiyo kusema tumeuacha ni kuzidisha. Ila hoja yako ya nani ameiweka mifupa kwenye rafu ni nzito, na ingetosha uzi wake. Gisozi kwenyewe kuna sehemu inayoeleza mauaji ya kimbari mengine, yakiwamo ya Waherero na Wanama yaliyofanywa na Wajerumani Namibia kuanzia mwaka 1904, mwaka mmoja tu kabla ya Majimaji. Mchoraji anaweza kufanya vivyo hivyo kwa chumba kimoja bila kuligawa jumba.

#21 Wakili wa Isamilo
Ninaonya juu ya chumba hicho. Kikipangwa vibaya, mgeni atatoka akisema kwamba kila mtu ameua kila mtu, na hiyo ndiyo lugha ya wakanushaji. Onyo hilo hilo linawahusu Benaco na wakimbizi wa Karani Mstaafu. Waelezwe, lakini si kwa ukubwa ule ule, na si katika chumba kile kile.

#22 Karani Mstaafu
Wakili, sijaomba walinganishwe. Nimeomba mizani yangu iingie. Mtoto aliyefia Benaco kwa kuhara damu hakumuua mtu, na aliyempa mgao pungufu ndiye aliyekuwa meya wao. Ukimweka mtoto huyo nje ya jumba, umempa yule meya nafasi ya kumtumia tena.

#23 Wakili wa Isamilo
Basi awekwe kwenye chumba cha mameya, mzee wangu, ambako mgeni atamkuta akiwa amekwisha kujua mameya hao ni nani. Hapo sina pingamizi.

#24 Karani Mstaafu
Mimi ninalo. Atakuwa mtoto wa meya hata akifa. Tutaongea.

#25 Dada wa Mwaloni
Wakati mnaongea, Mchoraji, niambie mlango wako unatazama wapi. Kama watu watapita kwenye soko la samaki ndipo wafike jumbani, wenye vibanda watataka kuuza soda na mishikaki getini, na siku za Aprili mtagombana nao. Mpange mapema, mkae na kamati ya mwalo, na muwaeleze ni jumba la nini. Mama yangu bado yupo, na anasema yupo tayari kurekodiwa habari ya yale maharage, ila hataki kuonyeshwa sura.